Mlima wa Kalebu, Njia ya Barzilai: Uzee wa Bondia George Foreman

Katika Agano la Kale wapo wazee wawili ambao ni nadra kuwasikia wakihubiriwa katika ibada moja. Wa kwanza ni Kalebu mwana wa Yefune. Akiwa na miaka 85 alimwendea Yoshua, akamwambia kwamba nguvu zake bado ni zile za siku alipotumwa na Musa kuipeleleza nchi. Akaomba apewe milima ya Hebroni, walikokaa Waanaki katika miji yenye maboma. Wa pili ni Barzilai Mgileadi, mwenye miaka 80. Mzee huyu alimlisha Mfalme Daudi na watu wake walipomkimbia Absalomu, na mfalme alipokuwa akirudi Yerusalemu alitaka kwenda naye amtunze katika nyumba ya kifalme. Barzilai akashukuru. Akasema kwamba umri wake umeshapita wa kufurahia vyakula na waimbaji wa mfalme, akaomba arudi kufa kwao, na nafasi hiyo apewe Kimhamu, aliye kijana.

Mmoja aliomba mlima. Mwingine alikataa jumba. Maandiko yanawataja wote wawili kwa heshima, wala hayatuambii kwamba mmoja alikosea. Basi mtu anapozeeka huku bado ana cheo, jina na nguvu kiasi, amfuate yupi?

Tumechagua kulitazama swali hili kupitia historia ya mtu mmoja aliyekuwa bondia na mhubiri, George Foreman wa Marekani, aliyefariki tarehe 21 Machi 2025 akiwa na umri wa miaka 76. Wapenzi wa ngumi wamejadiliana kwa miaka mingi juu yake. Ingekuwaje kama asingeacha ngumi akiwa kijana? Ingekuwaje kama angestaafu usiku ule ule aliporudisha ubingwa akiwa na miaka 45? Ingekuwaje kama angepigana na Mike Tyson? Hayo yanaweza kuonekana maswali ya kijiweni tu. Lakini ndani yake limo swali letu.

Kijana mwenye hasira

Foreman alizaliwa Texas tarehe 10 Januari 1949, akakulia katika umaskini mjini Houston. Mwaka 1968 alitwaa medali ya dhahabu ya ngumi za ridhaa katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico City. Tarehe 22 Januari 1973, mjini Kingston, Jamaika, alimdondosha bingwa wa dunia wa uzito wa juu, Joe Frazier, mara sita katika raundi mbili, akachukua mkanda wake. Hakuwa bingwa wa kupendwa. Alikuwa mkali wa uso, mchache wa maneno, na baadaye yeye mwenyewe alikiri kwamba siku zile alipigana kwa hasira.

Sisi wa Afrika tulimfahamu zaidi kwa pambano la Kinshasa, Zaire, alfajiri ya tarehe 30 Oktoba 1974. Foreman alikuwa na miaka 25, ameshinda mapambano 40 na hajapoteza hata moja. Muhammad Ali alikuwa na miaka 32, na wengi walimwonea huruma mapema. Ali aliegemea kamba, akaachia ngumi zimiminike juu ya mikono na mbavu zake mpaka mwenzake akaishiwa pumzi. Katika raundi ya nane akamwangusha. Uwanja mzima ulikuwa upande wa Ali.

Tarehe 17 Machi 1977, mjini San Juan, Puerto Rico, Foreman alishindwa kwa pointi na Jimmy Young baada ya raundi 12. Katika chumba cha kubadilishia nguo alizidiwa. Alisimulia maisha yake yote kwamba humo aliona mauti karibu naye, na humo humo akakutana na Kristo. Madaktari wanaweza kutaja joto na kuishiwa maji mwilini, nasi hatuna haja ya kubishana nao. Tunachokijua ni kilichofuata. Alikuwa na miaka 28, ameshinda mapambano 45 na kupoteza 2, na akaviacha vyote. Alianza kuhubiri katika kona za mitaa ya Houston, mwaka 1978 akawekwa wakfu kuwa mhudumu, kisha akawa mchungaji wa kanisa dogo mjini humo. Kwa miaka 10 hakupanda ulingoni.

Kama asingeacha

Hapa ndipo swali la kwanza linapokuja. Bondia wa miaka 28 yuko katika umri wake bora. Wapo wanaosema miaka ile 10 ilipotea bure, kwamba angeweza kudaiana tena na Ali na kumpinga Larry Holmes aliyetawala baadaye. Huenda wangekuwa sahihi kwa pambano moja au mawili. Lakini historia ya uzito wa juu inatupa mifano ya mabingwa ambao hawakuacha, au walioacha wakavutwa kurudi, na mifano hiyo haichekeshi.

Joe Louis alikuwa bingwa kwa karibu miaka 12. Alistaafu mwaka 1949 akiwa na heshima yote, lakini alidaiwa kodi nyingi na serikali ya nchi yake, na deni hilo likamrudisha ulingoni. Septemba 1950 alishindwa na Ezzard Charles. Tarehe 26 Oktoba 1951, akiwa na miaka 37, alipigwa na Rocky Marciano mpaka akaanguka nje ya kamba katika raundi ya nane. Miaka yake ya mwisho aliajiriwa kuwapokea wageni katika jumba la kamari Las Vegas.

Ali naye alirudi. Tarehe 2 Oktoba 1980, akiwa na miaka 38, alipanda ulingoni kupambana na Larry Holmes, aliyewahi kuwa mwenzake wa mazoezi. Kwa raundi 10 hakuweza kujilinda wala kujibu. Kocha wake, Angelo Dundee, ndiye aliyesema imetosha. Mwaka uliofuata Ali alipigana tena kule Bahama, akashindwa na Trevor Berbick. Mwaka 1984 dunia ikaambiwa kwamba ana ugonjwa wa Parkinson.

Hatuwataji watu hawa ili kuwahukumu. Louis alisukumwa na deni. Ali alikuwa mtu wa imani hadharani, na aliilipia imani yake gharama kubwa kuliko wengi wetu. Tunawataja kwa sababu wanatuonyesha njia ambayo Foreman angeipita kama angeendelea tu kutoka pambano hadi pambano. Mwili uliopumzishwa miaka 10 haukupokea ngumi za miaka 10. Na kuna jambo jingine lisiloonekana katika rekodi za mapambano: mtu yule alibadilika tabia. Yule mkali wa Kinshasa aliporudi mbele ya watu alikuwa mcheshi, mwenye kujitania kwa unene wake, mwenye kuwatakia heri wapinzani. Hayo hayakutoka katika gimu, ila katika miaka ya kuzika watu, kutembelea wagonjwa na kuongea na vijana wa mitaani.

Mhubiri anarudi ulingoni

Mwaka 1984 Foreman alifungua kituo cha vijana mjini Houston, mahali ambapo vijana wangecheza na kujifunza badala ya kuzurura. Vituo vya namna hiyo hula fedha. Akiba yake ikapungua. Alisimulia kwamba aliona haya kusimama mbele ya waumini na kuchangisha kila mara. Akakumbuka kwamba ipo kazi moja anayoijua inayoweza kuleta fedha hizo.

Tarehe 9 Machi 1987, mjini Sacramento, California, alirudi akiwa na miaka 38 na uzito wa zaidi ya kilo 120. Alishinda katika raundi ya nne. Waandishi wa michezo walimcheka. Walisema anachagua wapinzani dhaifu, na kwa sehemu walikuwa na haki.

Wasomaji wetu wengine watauliza: je, inafaa mchungaji apige watu ngumi kwa fedha? Swali ni zito, nasi hatulifuti kwa kusema tu kwamba fedha zilikwenda kwa vijana. Lengo jema halitakasi kila njia. Foreman alilijibu kwa namna yake: alisema alipaswa kujifunza upya kupigana bila chuki. Msomaji atapima mwenyewe kama jibu hilo linatosha. Sisi tunaona angalau kwamba hakujificha, na kwamba hakuacha mimbari kwa ajili ya ulingo. Kati ya pambano na pambano alirudi kanisani kwake kuhubiri.

Tarehe 19 Aprili 1991, mjini Atlantic City, alipewa nafasi ya ubingwa mbele ya Evander Holyfield. Foreman alikuwa na miaka 42, bingwa 28. Alishindwa kwa pointi, lakini alimaliza raundi zote 12 akiwa amesimama, na hata katika mapumziko alikataa kukaa kwenye kigoda. Juni 1993 alishindwa tena kwa pointi na Tommy Morrison, kijana wa miaka 24. Watu wengi waliona hapo ndio mwisho. Kama angeishia hapo, tungemkumbuka kama mzee jasiri aliyejaribu, basi.

Usiku wa tarehe 5 Novemba 1994

Mwaka 1994 Michael Moorer, mwenye miaka 26, alimshinda Holyfield na kuwa bingwa. Foreman alipewa nafasi ya kumpinga, ingawa hakuwa amepigana kwa karibu mwaka mmoja na nusu. Chama kimojawapo cha ngumi kilikataa kulitambua pambano hilo, naye akalazimika kwenda mahakamani Nevada ili aruhusiwe.

Usiku huo Las Vegas alivaa kaptula nyekundu aliyoivaa Kinshasa miaka 20 kabla. Katika kona yake alikuwemo Angelo Dundee, yule yule aliyekuwa kona ya Ali Kinshasa, na ndiye aliyelisimamisha pambano la Ali mwaka 1980. Mzee huyu alikuwa ameona kwa macho yake bingwa anavyoweza kuharibika kwa kukaa mno. Sasa alikuwa pembeni ya mwingine.

Kwa raundi tisa Moorer aliongoza. Majaji wote watatu walimweka mbele, wawili kwa pointi 88 kwa 83. Alikuwa mwepesi, ngumi zake zilifika kwanza, na jicho la Foreman lilianza kuvimba. Mzee hakukimbizana naye. Alitembea mbele polepole, akapokea, akaendelea kurusha ngumi fupi za kushoto. Kocha wa Moorer alimsihi kijana wake asisimame mbele ya mtu yule. Katika raundi ya 10 Moorer akasimama pale pale. Ngumi ya kulia, fupi, ikatua kidevuni, naye akalala chali mpaka mwamuzi akamaliza kuhesabu.

Foreman akapiga magoti kwenye kona na kuomba. Alikuwa na miaka 45, bingwa mzee kuliko wote katika historia ya uzito wa juu. Kabla yake rekodi ilikuwa ya Jersey Joe Walcott, aliyekuwa bingwa mwaka 1951 akiwa na miaka 37.

Hapa tunaonywa na jambo moja. Makanisani tunapenda kusimulia usiku huo kama muujiza na kuishia hapo. Tukifanya hivyo tunaifupisha kazi ya Mungu. Ushindi ule ulikuwa na miaka saba ya kurudi nyuma yake, mapambano madogo yaliyochekwa, vipigo viwili vya hadharani, na subira ya raundi tisa za kushindwa. Kalebu naye hakupewa mlima kwa sababu alikuwa mzee. Alipewa kwa sababu miaka 45 alikuwa ameshika ahadi ile ile, na bado alipaswa kupanda mwenyewe.

Njia zilizokuwa mbele yake

Asubuhi iliyofuata swali likabadilika. Bingwa wa miaka 45 anafanya nini sasa?

Angeweza kushuka ulingoni na kuacha kabisa. Wengi wanasema ndivyo alivyopaswa kufanya. Hadithi ingefungwa vizuri, bila doa.

Angeweza kusubiri fedha kubwa kuliko zote. Machi 1995 Mike Tyson alitoka gerezani, na mazungumzo ya pambano kati yake na Foreman yalisikika kila mahali. Halikufanyika. Hakuna ajuaye nani angeshinda. Tunajua tu kwamba mzee aliyekuwa akipitwa kasi na Moorer angekutana na mtu aliyepiga kwa kasi na uzito zaidi.

Alichofanya ni njia ya katikati, na haikuwa safi. Chama kimoja kilimtaka apigane na Tony Tucker, akakataa, kikamvua mkanda. Tarehe 22 Aprili 1995 alipigana badala yake na Mjerumani Axel Schulz, ambaye wengi hawakumjua. Foreman alimaliza akiwa na jicho lililovimba. Majaji wawili walimpa 115 kwa 113, wa tatu akatoa sare, na watazamaji wengi waliamini Schulz ameonewa. Chama cha pili kikaamuru warudiane, Foreman akakataa, na mkanda huo nao ukamtoka.

Tusiipambe sehemu hii kwa sababu tu alikuwa mchungaji. Kama kijana alidhulumiwa, kumnyima marudiano hakukuwa haki kwake. Mtu wa Mungu anaweza kupata ushindi mkubwa, kisha akashindwa kuamua vizuri katika miezi inayofuata. Wangapi kati yetu tumelijua hilo? Lakini tazama pia yaliyofuata. Juni 1996 mkanda ule alioukosa kwa kukataa marudiano ulichukuliwa na Michael Moorer, kijana aliyekuwa amemwangusha. Na tarehe 22 Novemba 1997, mjini Atlantic City, Foreman mwenye miaka 48 alipigana na Shannon Briggs mwenye miaka 25. Safari hii wengi walimwona Foreman ndiye mshindi, na majaji wakampa Briggs. Kipimo kilichomfaidi mbele ya Schulz kilimrudia. Hakugombana. Akashuka ulingoni, na hilo likawa pambano lake la mwisho. Ameacha rekodi ya mapambano 81, ushindi 76, na kushindwa mara 5.

Vishawishi havikuisha. Pambano dhidi ya Larry Holmes lilipangwa kufanyika Houston Januari 1999, Foreman akiwa ametimiza miaka 50, likavunjika kwa matatizo ya fedha. Mwaka 2004, akiwa na miaka 55, alianza kusema atarudi tena. Mwili wake, alisema, bado unaweza. Mkewe akakataa. Kwa simulizi yake mwenyewe, mkewe alimuuliza kama si hivyo hasa ndivyo mtu anavyopaswa kuondoka: akiwa bado anahisi anaweza.

Akamsikiliza. Haja ya fedha, iliyomrudisha Louis, haikumshika tena, kwani jiko la kuchomea nyama lililoitwa kwa jina lake lilimpa utajiri ambao ngumi hazikumpa. Mwaka 1999 aliuza haki ya jina hilo kwa zaidi ya dola milioni 130. Lakini fedha peke yake haimfungi mtu nyumbani. Tunao matajiri wengi wasioweza kuachia kiti. Tunaamini kilichomshika ni kwamba alikuwa na mahali pa kurudi. Alipoacha kuwa bingwa hakuwa si kitu. Jumapili ilipofika, kanisa lake dogo la Houston lilikuwa linamngoja kama lilivyomngoja mwaka 1980, kabla dunia haijamkumbuka.

Nasi tunasemaje?

Katika usharika wowote wapo akina Kalebu. Ni mama aliyestaafu ualimu ambaye bado angeweza kufundisha Shule ya Jumapili vizuri kuliko vijana watatu, lakini hakuna anayemuomba kwa sababu amezeeka. Ni mzee fundi ambaye ushauri wake ungeokoa fedha za ujenzi. Tunawaketisha viti vya mbele, tunawapa soda, na tunadhani tumewaheshimu. Foreman wa mwaka 1994 anatukemea. Nguvu iliyobaki kwa mzee ni ya Bwana, na si haki yetu kuizika kabla yake.

Wapo pia wanaohitaji kumsoma Barzilai. Ni mwenyekiti wa miaka 20 anayesema hakuna mwingine wa kumwamini. Ni mwalimu wa kwaya ambaye sauti imemwacha, naye haiachi kwaya. Kwa watu hawa Foreman wa mwaka 2004 ana neno: kuhisi kwamba bado unaweza si amri ya kuendelea. Huenda ndiyo saa nzuri ya kuondoka, wakati Kimhamu yupo, na wewe bado una pumzi ya kumshika mkono na kumwonyesha njia.

Kujua ni lini kupanda mlima na ni lini kurudi kwetu, hilo hatulijui kwa kuhesabu miaka. Kalebu alimzidi Barzilai miaka mitano. Foreman hakulijua peke yake pia. Mara moja ilibidi azidiwe katika chumba cha kubadilishia nguo, na mara nyingine ilibidi mkewe aseme hapana. Basi tujiulize kila mmoja, mzee na kijana: ni nani mwenye ruhusa ya kutuambia imetosha, nasi tukasikia? Kama hakuna, tumwombe Mungu atupe mtu huyo mapema, kabla kengele ya raundi ya mwisho haijalia.